Yowe la Seli na Kirusi cha Biharamulo

Mazungumzo ya leo yanahusu protini. Usizime redio. Si ile ya maharage na dagaa mnayohimizwa kliniki. Ni protini inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya mwili wako hadi nyingine, ambayo siku hizi hutengenezwa ndani ya bakteria na kuuzwa kwa watafiti katika kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Nitaanzia Biharamulo, kwa sababu pale ndipo habari hii ilipotugusa.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma, pembeni yake akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, akalitangazia taifa kwamba mgonjwa mmoja amethibitika kuwa na virusi vya Marburg, huku Biharamulo, mkoani Kagera. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho, kwa hiyo wengi walishapumua. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa ya wagonjwa kumi: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane ambao dalili zao na watu waliokutana nao viliwaweka kwenye orodha hiyo. Wote kumi walikuwa wamefariki.

Sikiliza tena. Kumi kwa kumi. Bukoba Vijijini, mwaka 2023, ugonjwa huohuo ulipata watu tisa na kuua sita. Kwa jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo, mlipuko uliotangazwa Septemba 2024 uliwapata watu 66, wakafariki 15. Kirusi cha Rwanda hakikuwa na huruma zaidi. Kule wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya wa mjini, wakajulikana mapema, wakalazwa kwenye vyumba vya uangalizi maalumu, wakapewa dawa na kingamwili zilizokuwa zikijaribiwa. Huku kwetu, watu kadhaa walishazikwa kabla jina la ugonjwa halijatajwa.

Swali lililobaki kwenye mabaraza ya kahawa lilikuwa rahisi, na mimi nalipenda kuliko maswali mengi ya wasomi: tunaambiwa kila siku kwamba mwili una kinga, sasa kinga ya watu wale ilikuwa wapi?

Kijijini mwizi akiingia zizini usiku, mwenye zizi hapambani kimyakimya. Anapiga yowe. Yowe lenyewe halimchapi mwizi hata kofi. Kazi yake ni kuwaamsha majirani wakomee milango na kushika fimbo. Seli iliyovamiwa na kirusi hufanya vivyo hivyo. Yenyewe mara nyingi imeshapotea, lakini kabla haijafa hutoa protini inayoelea hadi kwa seli za jirani. Protini hiyo huitwa interferoni.

Juu ya kila seli jirani kuna vipokezi vya kuidaka. Interferoni ikikaa kwenye kipokezi chake, upande wa ndani vimeng'enya viwili, JAK1 na TYK2, huamka na kuzibandika alama ya fosfeti protini nyingine zilizo karibu, ziitwazo STAT. Zikishabandikwa, STAT hushikana mbilimbili, zikaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kwa mamia. Jeni moja huleta protini ya kusimamisha utengenezaji wa protini ndani ya seli, ili kirusi kikiingia kikute hakuna anayefanya kazi. Nyingine huleta kimeng'enya cha kukatakata chembe za urithi za mvamizi. Toka interferoni inapogusa kipokezi hadi STAT kupata alama ni dakika chache tu. Ile homa na maumivu ya viungo unayoyasikia mafua yakianza, sehemu yake ni interferoni ikifanya kazi. Virusi wakati huo pengine hata havijakudhuru sana.

Waliolisikia yowe hili na kulipa jina ni Alick Isaacs na mgeni wake kutoka Uswisi, Jean Lindenmann, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London, mwaka 1957. Walichukua vipande vya utando wa yai la kuku lenye kifaranga, wakaviloweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Kisha wakayachukua yale maji na kuyaweka kwenye vipande vingine ambavyo havijaonana na kirusi chochote. Vipande hivyo vipya vikagoma kuambukizwa. Wajapani wawili, Yasuichi Nagano na Yasuhiko Kojima, walikuwa wameshaona jambo la namna hiyo mwaka 1954 na kuliandika kwa Kifaransa, lakini sifa zilikwenda London. Sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili tusicheke sana.

Turudi Biharamulo. Kirusi cha Marburg kina jeni saba tu. Binadamu ana takriban elfu ishirini. Ukiwa na jeni saba huwezi kubeba kitu cha mapambo, kila kimoja lazima kifanye kazi mbili au tatu. Protini yake moja, VP35, pamoja na kusaidia kunakili kirusi, hufunika chembe zake za urithi ili seli isizitambue. Seli isiyojua kwamba imevamiwa haipigi yowe. Protini nyingine, VP40, ndiyo inayojenga umbo la kirusi, lile refu kama uzi; lakini humohumo ndani ya seli inazuia JAK1 isifanye kazi yake. Hata kama mahali fulani mwilini yowe limepigwa, seli yenye VP40 hailisikii. Ndugu yake Ebola hutumia protini nyingine, VP24, na huingilia hatua ya mbele zaidi, akizizuia STAT zisipite kuingia kwenye kiini. Kwa dalili, mtu yeyote anaweza kuchanganya Ebola na Marburg, hata daktari. Ndani ya seli ni wezi wawili wenye mbinu mbili.

Kwa hiyo kinga ya wale watu kumi haikuwa imelala. Ilikuwa haijaambiwa. Kwa siku mbili hadi 21 baada ya kuambukizwa mtu anatembea, analima, anauza ndizi mnadani, na kirusi kinajizalisha, tena kinaanzia ndani ya seli za kinga zenyewe. Mwili unapokuja kushtuka, virusi vimeshajaa kwenye ini na wengu, na sasa yanatoka maonyo ya kila aina kwa wingi usio na mpango; mishipa midogo inaanza kuvuja, damu inashindwa kuganda inavyotakiwa. Ule ukimya wa mwanzo na zile kelele za mwisho vyote ni kazi ya kirusi kilekile.

Sasa utaniuliza: wewe umejuaje? Nani aliingia ndani ya seli akaona VP40 ikiizuia JAK1?

Hapa ndipo kichupa kinapoingia, na hapa naomba mnivumilie, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niombe muda wa leo hewani.

Kirusi kamili cha Marburg huruhusiwi kukishika isipokuwa kwenye maabara za daraja la nne la usalama, zile ambazo mtaalamu anavaa suti nzima yenye bomba la hewa. Barani Afrika zinahesabika kwa vidole. Lakini si lazima uwe na kirusi kamili. Unaweza kuchukua jeni moja tu, ya VP40, ukaiingiza kwenye seli za binadamu zinazokuzwa ndani ya sahani za plastiki. Jeni moja haiambukizi mtu. Sahani ya kwanza ina VP40, ya pili haina. Kisha unazimwagia zote mbili interferoni kwa kipimo kilekile, unasubiri nusu saa hivi, unazipasua seli na kutafuta, kwa kutumia kingamwili maalumu, kama STAT zimebandikwa alama. Sahani isiyo na VP40, alama zimejaa. Yenye VP40, alama hazionekani. Matokeo ya namna hiyo yalichapishwa mwaka 2010, na tangu hapo tunajua kirusi hiki kinaziba sikio gani.

Jaribio hilo lote linategemea interferoni yako iwe interferoni kweli, safi, na ujue umeweka kiasi gani. Zamani hilo lilikuwa ndoto. Katika miaka ya 1970, Kari Cantell kule Helsinki alikuwa akikusanya seli nyeupe kutoka kwenye damu ya wachangiaji wa Msalaba Mwekundu wa Finland. Alihitaji maelfu ya lita za damu apate miligramu chache, tena zilizochanganyika na mambo mengine mengi. Kwa muda, sehemu kubwa ya interferoni iliyotumika duniani kwa utafiti wa wagonjwa ilitoka kwake. Bei yake ilitisha.

Mwanzoni mwa 1980, kundi la Charles Weissmann huko Zurich lilitangaza kwamba limefanikiwa kuifanya bakteria itengeneze interferoni ya binadamu. Njia ni hii. Unachukua jeni ya binadamu inayoiagiza interferoni, unaiunganisha kwenye kipete cha DNA kiitwacho plasmidi, halafu kipete unakiingiza ndani ya E. coli, jamaa wa hao wanaoishi utumboni mwako na mwangu. Bakteria hana habari kwamba jeni ile si yake. Anaisoma, anatengeneza. Unamlisha kwenye mtungi wenye joto la nyuzi 37, unamtikisa apate hewa, na kwa kuwa anagawanyika kila dakika ishirini hivi, asubuhi una mabilioni ya watumishi wasiodai posho.

Kazi ngumu inaanza hapo. Protini nyingi za binadamu zikitengenezwa ndani ya bakteria hujikunja vibaya na kuganda mabonge. Inabidi uwapasue bakteria, uyayeyushe mabonge kwa kemikali kali, kisha uiondoe kemikali polepole ili protini ijikunje upya katika umbo lake. Umbo ndilo kila kitu. Interferoni iliyokunjika vibaya haikai kwenye kipokezi. Unaipitisha kwenye safu za vichungi vinavyoidaka yenyewe na kuacha uchafu upite. Halafu kuna balaa moja dogo ambalo limewaaibisha watafiti wengi: ganda la bakteria huacha mabaki yanayoweza, hata yakiwa kidogo sana, kuzishtua seli za kinga. Ukimwaga protini yenye mabaki hayo na seli zikashtuka, utaandika kwenye daftari kwamba protini imefanya kazi, kumbe ni taka. Ndiyo maana muuzaji makini huandika kwenye karatasi inayoambatana na kichupa ni kiasi gani cha mabaki hayo kimepimwa.

Kichupa chenyewe ukiletewa utafikiri umeibiwa. Kinaonekana kitupu. Unga umekaushwa kwa baridi, pengine ni utando tu usioonekana ukutani, ndiyo maana kabla ya kukifungua unakiweka kwanza kwenye mashine ya kuzungusha ili vyote vishuke chini. Maikrogramu 100, yaani sehemu ya kumi ya miligramu moja. Lakini nguvu yake! Miligramu moja ya interferoni alfa safi ina uniti zipatazo milioni 200. Kichupa chako kina milioni 20. Seli za kwenye sahani zinatosheka na uniti elfu moja kwa kila mililita. Piga hesabu: kile kichupa kitupu kinatosha kuchanganya lita 20, ndoo nzima ya maji ya kisimani. Ukishaiyeyusha, unaigawa mafungu madogo na kuyagandisha, kwa sababu kila inapoganda na kuyeyuka tena nguvu hupungua. Umeme ukikatika mara tatu wiki hii, una maji ya bei ghali.

Na kwenye lebo pameandikwa: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Kabla sijafika kwenye lebo hiyo, niwaondoe hofu kidogo. Wapo watakaosikia habari za jeni ya binadamu ndani ya bakteria wakashika vichwa. Mzee wangu, vitu vya namna hiyo vimeshapita mikononi mwako. Insulini anayochomwa mgonjwa wa kisukari ni protini ya kupeleka ujumbe kama interferoni, na tangu 1982 inauzwa iliyotengenezwa na bakteria. Mtoto aliyepata pentavalenti kwenye zahanati yako amechanjwa homa ya ini aina ya B kwa protini iliyotengenezwa na hamira. Vile vipimo vya VVU vya tone la damu vimepakwa protini za kirusi zilizotengenezwa hivyohivyo, bila kirusi chenyewe kuwepo. Hata Maabara inayohamishika ya Kabaile, iliyoko hapahapa Kagera na ndiyo iliyopima sampuli ya Biharamulo kabla haijathibitishwa Dar es Salaam, isingeweza kukuza chembe za urithi za Marburg pasipo vimeng'enya ambavyo siku hizi vinazalishwa na bakteria. Haya ni mambo ya kawaida, yameingia nyumbani bila kubisha hodi.

Lebo sasa. Kagera ina historia ya uchungu na interferoni, na vijana wengi hawaijui.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana. Mwaka 1987 watafiti walipita mkoa mzima kupima damu. Bukoba mjini, watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba, 10. Karagwe, kama wanne na nusu. Ngara na Biharamulo, Chato ikiwa bado ndani yake, walikuwa chini ya mmoja katika mia: asilimia 0.4. Yaani mkoa mmoja, dunia mbili. Upande wa ziwa kaburi lilikuwa halijakauka linachimbwa jingine; upande huu bado ugonjwa ulikuwa wa kusikia. Na dawa hazikuwepo.

Katika hali hiyo, Julai 1990, ikatoka habari Nairobi. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, chini ya Dk. Davy Koech, ilisema interferoni alfa kwa dozi ndogo sana, ya kuyeyushia mdomoni, inawarudishia nguvu wagonjwa wa UKIMWI, na kwamba wachache wao hata kipimo kimerudi kuwa hakionyeshi virusi. Rais Moi mwenyewe aliizindua. Ikaitwa Kemron. Interferoni ile haikutoka kwa bakteria, ilitoka kwenye seli za binadamu zilizokuzwa Japani, ila ujumbe wake ni uleule.

Sitamcheka aliyeamini. Wazo halikuwa la kijinga: ukiwa na kirusi, na ukawa na protini ambayo kazi yake ni kuonya juu ya virusi, kwa nini usijaribu? Na ilikuwa fahari kusikia dawa imetoka Afrika. Watu walisafiri hadi Nairobi kuitafuta, wengine kutoka Marekani. Shirika la Afya Duniani likasema ngojeni, hii bado ni majaribio. Wengi walilitafsiri neno hilo kuwa wivu wa wazungu. Kisha Waganda, madaktari wetu wa jirani, wakafanya lililotakiwa kufanywa mwanzo: wagonjwa zaidi ya 500, nusu interferoni, nusu unga usio na kitu, mgonjwa hajui, daktari hajui. Makundi mawili hayakutofautiana. Kemron haikuwa imemfaa mtu.

Tatizo lilikuwa nini? Mimi nasema ni ule umbali kati ya sahani na mgonjwa. Kwenye sahani, interferoni ndiyo sauti pekee. Ndani ya mtu kuna sauti maelfu, na mwenye VVU kwa miaka tayari ana interferoni yake inayopiga yowe usiku na mchana, jambo ambalo siku hizi linadhaniwa kumchosha zaidi. Kumwongezea ilikuwa kumpigia kelele mtu ambaye hajapata usingizi. Na nchi yetu haikujifunza haraka: mwaka 2011 nusu ya Tanzania ilikuwa barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa iliyodaiwa kuponya.

Hata hivyo, interferoni ilipata kazi yake hospitalini. Mwaka 1986 Marekani iliiidhinisha kwa aina fulani ya saratani ya damu, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo kwa homa ya ini aina ya C. Waliochomwa wanaikumbuka. Homa, mwili kuuma, wengine waliingia kwenye huzuni nzito hadi wakaacha sindano. Ukisikia mtu anakuuzia kitu kinachoongeza kinga ya mwili bila madhara yoyote, mkumbuke mgonjwa huyo.

Kwa Marburg je? Imejaribiwa kwa nyani. Wale waliochomwa interferoni beta mapema waliishi siku zaidi kuliko wenzao. Kisha wakafa. Ukishajua habari ya VP40 hilo halishangazi: unamwongezea sauti aliyezibwa sikio. Kinachotafutwa sasa ni kitu cha kuizuia VP40 au VP35 zenyewe, na kitakachopendekezwa dhidi ya VP40 kinaweza kupimwa kwanza kwa sahani mbili na kile kichupa kitupu.

Na bado sijamtaja mwenye kirusi. Ni popo wa matunda, yule wa mapangoni, anayekula mapapai na ndizi mbivu. Kirusi hai cha Marburg kilipatikana ndani ya popo wa aina hiyo kwenye mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Wachimbaji wakaamua kuwaua popo wote. Walifanikiwa, kwa muda. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka tena wilayani Ibanda karibu na hapo, na popo wapya waliohamia mgodini walipopimwa, waliokuwa na kirusi walikuwa kama 13 katika 100, ilhali zamani walikuwa 5. Kwa hiyo kijana wa Biharamulo anayewaza kuingia pangoni na moto, aache. Asiingie kabisa.

Popo huyo anakaa na Marburg, anaruka nayo, anazaa nayo, wala haugui. Mwaka 2018 watafiti walisoma vinasaba vyake vyote na kukuta ana jeni za interferoni nyingi kupita ilivyotarajiwa, hasa za aina moja ambayo sisi tunayo jeni yake moja tu inayofanya kazi. Ungedhani basi anapiga yowe kubwa kuliko letu. Watafiti wenyewe walielekea upande mwingine: kwamba siri yake huenda ni kuvumilia, kuonya kwa kiasi bila kuuwasha moto mwili mzima. Binadamu wanakufa kwa kukosa onyo mwanzoni na kuzidiwa nalo mwishoni. Popo ameipata kadiri. Ameipataje? Hapo ndipo penye utafiti wa kufanywa, na mapango yenyewe yako huku.

Interferoni ya binadamu na ya panya unaiagiza kwa barua pepe. Ya popo wa matunda haina soko, kwa hiyo mtafiti mara nyingi huitengeneza mwenyewe: jeni, plasmidi, bakteria, mtungi, vichungi. Ukiitazama orodha hiyo, haina kitu ambacho watafiti wa vyuo vya Muhimbili, Sokoine kule Morogoro au Bugando pale Mwanza hawawezi kukifanya. Bakteria wa Morogoro anagawanyika kwa dakika zilezile za bakteria wa Zurich. Kinachokwamisha ni vitu visivyo na utukufu. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta ya kulilinda. Barafu kavu ambayo huyeyuka wakati mzigo ukisubiri karatasi za forodha. Mtaalamu kijana anayefundishwa kazi hii kwa miaka mitano kisha anapangiwa kitengo cha takwimu.

Umeme, angalau, hoja yake imepungua. Mtambo wa Rusumo, uliopo pale Ngara kwenye maporomoko, unazalisha megawati 80 na Tanzania inapata theluthi moja. Jokofu moja la maabara linakula umeme usiofikia hata ule wa mashine ya kusaga mahindi pale Lusahunga. Tulipokuwa tukisubiri jibu la Biharamulo Januari ile, kila mtu aliuliza majibu yatatoka lini, na lilikuwa swali halali. Bajeti ijayo ya afya ikisomwa Dodoma, mbunge wako muulize swali jingine: fungu la maabara ya Kagera lina kiasi gani kwa ajili ya kuchunguza kirusi hiki katika miaka ambayo hakijaua mtu? Akikujibu kwamba wakati huo hakuna haja, mweleze kwamba jaribio la sahani mbili hufanywa kabla ya mlipuko.